Uji wa mahindi kwa mtoto wa miezi sita: tatizo si mahindi, ni maji

"Shikamoo. Binti yangu ametimiza miezi sita wiki iliyopita, ana kilo 7.1, na hajawahi kupewa chochote zaidi ya ziwa. Mama mkwe amekuja kutusaidia, amebeba sembe ya kwao na kimea cha ulezi cha kupikia togwa. Anasema mtoto aanze na uji mwepesi kabisa, kama maji, mwezi mzima, ili tumbo lizoee, na kwamba angeanzishwa zamani kwa sababu maziwa yangu ni mepesi. Jirani naye anasema mahindi matupu hayana kitu, ananisihi nisage unga wa lishe wa aina tisa kama alivyofanya yeye. Nimejaribu uji wa mahindi siku nne: anausukuma nje kwa ulimi, na jana alijikamua sana ndipo akapata choo kigumu. Baada ya wiki mbili narudi dukani, dada atabaki naye. Alikotoka walizoea kupika uji asubuhi, kuuweka kwenye chupa ya chai hadi jioni, na kumnywesha mtoto kwa chupa yenye chuchu iliyokatwa tundu. Je, uji wa mahindi unamfaa mtoto au niuache? Na kama unafaa, nianzeje?"

Marahaba, mama, na hongera kwa miezi sita ya ziwa pekee. Kwa mtu mwenye duka, hiyo si kazi ndogo.

Umeuliza mengi kwa pamoja, ila naona hofu yako ni moja: usije ukawa unajaza tumbo la mtoto kitu kisichomjenga. Hofu hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba kila anayekushauri anamlaumu asiyehusika. Jirani anayalaumu mahindi, mama mkwe anayalaumu maziwa yako, na wote wawili wanampita mshitakiwa mwenyewe, yaani maji. Uji wa mahindi unamfaa binti yako. Uji wa kama maji haumfai, uwe wa mahindi, wa ulezi, au wa aina tisa zilizosagwa pamoja.

Tumalize la maziwa kwanza, maana nikiliacha litarudi kila mtoto akilia usiku. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa miezi sita aliye katikati kabisa ya wenzake ana kilo 7.3. Wako ana 7.1, na kila gramu aliyoongeza tangu azaliwe ameipata kwako. Maziwa ya mama hayapimwi kwa macho. Yale yanayotangulia kutoka huonekana ya majimaji, na hapo ndipo watu huyahukumu. Lakini mililita 100 za maziwa ya mama zina kilokalori 65 hadi 70 hivi. Mililita 100 za uji wenye gramu 10 za unga wa mahindi zina kilokalori 35. Na huo ni uji ambao wengi wetu tungeuita wa kawaida tu. Ule wa kama maji uko chini ya hapo. Kwa hiyo kile kinachoitwa chepesi kina nguvu karibu mara mbili ya kile kinacholetwa kukisaidia. Mtoto akijazwa uji wa namna hiyo hunyonya kidogo, kwa sababu nafasi tumboni imeshachukuliwa.

Basi kwa nini tuanze chakula sasa, kama maziwa yako ni mazuri hivyo? Kwa sababu yeye amekua, wala maziwa hayajaharibika. Kuanzia miezi sita hadi minane anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku juu ya zile anazopata kwenye ziwa. Jambo la pili ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoipata tumboni mwa mama yake, na akiba hiyo inakaribia kuisha katika umri huu. Maziwa ya mama kwa maumbile yake yana chuma kidogo, hata mama ale maini kila siku. Hivyo kumwanzishia chakula akiwa na miezi mitatu kungemkosesha maziwa na kumletea vijidudu kabla ya wakati. Na kumpa uji wa maji kwa mwezi mzima sasa ni sawa na kumcheleweshea chakula mwezi mzima, ingawa kila siku ataonekana amekula.

Tumbo lake halihitaji mwezi wa kuzoea. Wanga uliopikwa ukaiva analo tumbo la kuumeng'enya. Kinachohitaji kuzoea ni mdomo na ulimi, nami nitarudi huko.

Sasa nivumilie kwenye hili la maji, kwa sababu ndilo jibu lenyewe. Kila aliyewahi kupika uji anajua kwamba unga kidogo sana hugeuza sufuria nzima. Unga wa mahindi umejaa chembe za wanga zilizojikunja kwa kubana. Zikipata maji na moto zinayanywa maji hayo, zinavimba mara nyingi ya ukubwa wake, kisha zinapasuka na kusukana zenyewe kwa zenyewe. Uji ukianza kupoa, msuko huo unakaza zaidi. Ndiyo maana uji uliotiririka vizuri ukiwa jikoni unakuta umeganda kwenye bakuli, na mtoto anaukataa. Mama anafanya nini? Anaongeza maji. Hana kosa, anataka mtoto ameze. Ila kila kikombe cha maji anachoongeza kinaondoa chakula kwenye kijiko.

Na tumbo la mtoto lina mpaka. Kwa makadirio yanayotumika kwenye lishe ya watoto, hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Binti yako basi ana nafasi ya mililita 200 na kidogo, sawa na kikombe kisichojaa. Ukikijaza uji wa maji umempa kilokalori 50 au 60, naye atageuza uso kwa sababu ameshiba kweli. Baada ya saa moja analia. Ukimuuliza shangazi yeyote atakwambia mtoto huyu ana njaa isiyoisha, tena wataanza kumtafutia dawa.

Nchi yetu ina ushahidi wa jambo hili ambao huwa unanisumbua. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2022, asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa. Mkoa uliokuwa juu kuliko yote ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na jirani yake Njombe, na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayotulisha mahindi. Udumavu una sababu nyingi: lishe ya mama akiwa mjamzito, magonjwa, maji yasiyo salama, kazi za shamba zisizompa mama muda wa kukaa na mtoto. Lakini walau tukubaliane kwamba kuwa na gunia la mahindi ndani hakumtoshi mtoto.

Uji wa kumwanzishia uweje? Uchote kwa kijiko, kisha ukiinamishe. Ukitiririka kama chai, bado. Ukibaki kwenye kijiko au ukadondoka taratibu kwa donge laini, hapo ndipo. Kwa vipimo: vijiko viwili vya chakula vya unga, kama gramu 20, kwa mililita 200 za maji. Koroga unga kwanza kwenye maji baridi usipate mabonge, kisha chemsha kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Ukiepua utabaki na mililita 150 hivi. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta ya kula, ambacho peke yake kina kilokalori 40, na kijiko cha chai cha karanga zilizosagwa laini, kilokalori 30 nyingine. Bakuli hilo sasa lina kilokalori 140. Milo miwili ya nusu kikombe kwa siku inatosha kufikia zile 200 nilizotaja, na nafasi ya ziwa inabaki.

Utaniuliza: uji mzito hivyo, mtoto wa miezi sita atauweza? Hapa ndipo mama mkwe anapoingia, na nakuomba umwendee kwa heshima yake yote, kwa sababu dawa ya tatizo hili ameibeba yeye kwenye mfuko wake na pengine hajui kwamba ni dawa.

Kimea kile cha ulezi ni ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya kinachoitwa amilasi, kazi yake ni kukata wanga vipande vifupi ili mche mchanga upate chakula. Ukikitia kwenye uji mzito wa moto, kinaukata ule msuko niliousema. Utaona kwa macho yako: uji unaolingana na ugali laini unalegea ndani ya dakika tano hadi kumi, unakuwa wa kumezeka, na hujaongeza tone la maji. Nguvu yote imebaki. Wapika togwa wamekifanya hivi vizazi kwa vizazi, na watafiti wa lishe hapa Tanzania walikichukua kwenye maabara tangu miaka ya 1980, wakathibitisha walichokuwa wanakifanya bibi zetu.

Namna ya kukitumia: pika uji uive kabisa, uwe mzito kupita kiasi. Epua, uache upoe kidogo, uwe wa moto lakini usiochemka, kwa sababu kwenye uji unaochemka amilasi inakufa kabla ya kufanya kazi. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa bakuli la mtoto, koroga, subiri ulegee. Kisha, na hili wengi hulisahau, rudisha sufuria motoni uchemke tena kidogo. Nafaka inapooteshwa kwenye unyevu siku mbili tatu huota na vijidudu pia, na kimea hakikupikwa. Mchemko huo wa pili hauufanyi uji ukaze tena, maana wanga umeshakatika. Muulize pia mama mkwe kama kimea kilikauka vizuri na hakina harufu ya ukungu. Siku kikiwa cha mtama badala ya ulezi, lazima mizizi na machipukizi yawe yameondolewa kabla ya kusaga, kwa sababu chipukizi la mtama lina kiasi cha sumu ya sianidi.

Na togwa yenyewe? Uchachu wake unapunguza vijidudu vya kuharisha na unasaidia madini yaliyofungwa kwenye nafaka yafyonzwe vizuri zaidi. Ni kitu kizuri kikiwa kichanga, hakina sukari, na hakijakaa siku kadhaa kikaanza kulevya. Ila ni kinywaji. Isichukue nafasi ya bakuli.

Jirani yako ana ukweli wa nusu. Mahindi yana protini, lakini protini hiyo imepungukiwa na laisini na triptofani, viungo ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Chuma na zinki vilivyomo vimeshikwa na kitu kiitwacho faiteti, kwa hiyo sehemu kubwa hupita tu. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika miaka ya 1930 kuhusu watoto walioachishwa ziwa mdogo wao alipozaliwa, wakalishwa uji wa mahindi karibu mtupu: miguu imevimba, ngozi inabanduka. Wenyeji, Waga, walikuwa na jina la ugonjwa huo, nalo ndilo tunalolitumia duniani hadi leo: kwashakoo. Sikutishi. Binti yako ananyonya, na maziwa yako yana kile ambacho mahindi hayana. Nakueleza tu kwa nini uji usibaki peke yake.

Sikubaliani na jirani kwenye tiba. Mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama ukivisaga pamoja umepata nafaka, kwa sababu vyote ni ndugu na upungufu wao unafanana. Kilichokosekana kwenye mahindi kiko kwenye maharage, karanga, yai, samaki, nyama. Nafaka moja na jamii ya kunde moja, sehemu mbili kwa moja, zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo, mchanganyiko wa aina tisa una matatizo yake. Mtoto akivimba midomo hujui ni kipi kati ya tisa. Soya ikisagwa mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, hivyo lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza. Karanga na dagaa zikikaa ndani ya unga wiki nyingi, mafuta yake huchacha. Miaka ya nyuma na mimi niliwahi kuwaambia akina mama "ongezeni aina", nikidhani natilia mkazo mlo kamili. Walinielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Halafu kuna sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 iliua zaidi ya 100. Kinachonisumbua mimi kliniki ni ile dozi ndogo ya kila siku, isiyoonekana wala kusikika ladha, ambayo mtoto anayekula uji uleule asubuhi na jioni anaipata kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Kuchemsha hakuiondoi. Kinachosaidia ni kukausha vizuri na kuchambua punje kwa mkono kabla ya kusaga: iliyovunjika, iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani, nyeusi au kijivu, nje. Karanga chungu au iliyosinyaa, nje. Unga wa lishe uliosagwa na mtu mwingine huwezi kuuchambua, na ukiwa na mahindi na karanga pamoja umebeba vile viwili vinavyoshambuliwa zaidi.

Hili linagusa swali ambalo hukuuliza lakini utaulizwa: sembe au dona? Kwa vitabu vya lishe, dona linashinda, maana lina kiini na pumba, hivyo lina madini na vitamini zaidi. Lakini sumukuvu hukaa kwa wingi kwenye pumba na kiini hicho hicho, na faiteti pia. Kwa mtoto wa miezi sita mimi nachagua sembe ya mahindi yaliyochambuliwa, kisha kile kilichopotea kwenye kukoboa nakirudisha kwa yai, dagaa na maharage. Kama huna uhakika na mahindi yaliyosagwa, unga wa kiwandani ulioongezwa madini na vitamini ni chaguo zuri pia. Dona litamsubiri akue. Kuna wenzangu watabishana nami hapa, na wana hoja. Kama mahindi ni ya shamba lako na umeyakausha mwenyewe, hoja yao inakuwa na nguvu zaidi.

Unayoongeza kwenye uji, ongeza kimoja baada ya kingine, ukiacha siku mbili tatu katikati. Dagaa waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, kijiko cha chai kwenye bakuli. Yai lililoiva kabisa, limepondwa. Maharage yaliyochemshwa yakachujwa maganda. Maini kidogo yaliyopondwa mara moja kwa wiki. Zamani tuliwaambia mama wasubiri mwaka kwa mayai na karanga wakiogopa mzio. Ushauri huo umebadilika. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 kwa watoto waliokuwa kwenye hatari kubwa ya mzio ulionyesha kwamba waliopewa karanga mapema walipata mzio huo kidogo sana kuliko waliozuiliwa. Karanga ziwe zimesagwa na kuchanganywa, kamwe si punje nzima, kwa sababu zinaweza kumkaba. Ila kama binti yako ana pumu ya ngozi kali, onana na daktari kabla ya karanga ya kwanza.

Sukari na chumvi, hapana. Asali, hapana hadi atimize mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoweza kumlegeza misuli mtoto mdogo hadi ashindwe kupumua. Chai usimpe, inazuia chuma. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa unaweza kupikia uji kidogo, ila yasiwe kinywaji chake badala ya ziwa.

Sasa ule ulimi. Mtoto huzaliwa na kinga: chochote kigumu kikigusa ulimi, ulimi unakisukuma nje. Kinga hiyo inafifia kati ya miezi minne na sita, kwa wengine inachelewa kidogo. Siku nne ni chache mno. Anapotema hajasema "sitaki", anajifunza kupeleka chakula nyuma badala ya mbele. Mkalishe wima mapajani mwako, akutazame usoni, kijiko kidogo, kiasi cha ncha tu. Akifungua mdomo mpe, akigeuza uso mwache. Vitoto vingine huhitaji kuonja kitu kilekile mara nane, kumi, au zaidi. Kumshika mikono na kummiminia, kama tulivyofanyiwa baadhi yetu, achana nako kabisa. Chakula hupita njia ya hewa, na mtoto anajifunza kwamba bakuli ni adui.

Choo kigumu ni jambo la kawaida mtoto anapoanza chakula, hasa sembe tupu isiyo na nyuzi. Mnyonyeshe zaidi, mpe vijiko vichache vya maji yaliyochemshwa yakapoa wakati wa kula, na umpondee papai au embe lililoiva. Kujikamua na kuwa mwekundu usoni peke yake si kufunga choo. Vigololo vikavu kwa siku kadhaa, au damu, hiyo ni habari nyingine.

Kwa wiki hizi mbili kabla hujarudi dukani: vijiko viwili au vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, baada ya kumnyonyesha. Polepole panda hadi nusu ya kikombe cha mililita 250, mara mbili au tatu. Akifika miezi tisa, milo mitatu au minne, na hapo uji uanze kupisha ugali laini uliopondwa na mchuzi, ndizi, viazi, mboga za majani. Uji ni mlango tu wa kuingilia mezani. Mtoto wa mwaka mmoja anayekula uji pekee amesahauliwa mlangoni.

La dada lichukulie kwa uzito kuliko unga. Uji uliokaa kwenye chupa ya chai tangu asubuhi unapoa taratibu hadi kwenye joto ambalo bakteria hulipenda sana, na baadhi yao huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Chakula cha mtoto kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto sana au cha baridi kabisa. Mpimie unga wa kila mlo kwenye kikopo chake. Chupa ya chai ikae maji ya moto tu, na uji upikwe upya kila mlo. Dakika 20 haziko mbali. Na ile chupa ya kunyonyea itupwe. Uji unaopita kwenye chuchu ni lazima uwe wa maji, kwa hiyo chupa yenyewe inamlazimisha dada kuuharibu uji wako. Chuchu iliyokatwa tundu haisafishiki vizuri na inaweza kummiminia mtoto zaidi ya anavyoweza kumeza. Bakuli, kijiko, na kikombe kidogo kwa maziwa utakayoyakamua. Maziwa hayo yatumike ndani ya saa nne kama hakuna friji.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akitapika kila anachopewa, akiharisha damu, macho yakididimia au akiacha kukojoa kama kawaida, akikataa hata ziwa, akipata degedege, au midomo ikivimba na kupumua kwa mluzi baada ya chakula kipya. Miguu yote miwili ikivimba na kidole chako kikiacha shimo ukiibonyeza, usisubiri kesho. Ukiona anakohoa au kupaliwa karibu kila anapomeza, au amefika miezi saba na nusu bado anasukuma kila kitu nje na hawezi kukaa hata akishikiliwa, aangaliwe na daktari wa watoto. Na kama mstari wa uzito kwenye kadi umelala miezi miwili mfululizo, hata akiwa mchangamfu, uliza ni kwa nini. Usikubali jibu la "ataongeza tu". Wampime na mzunguko wa mkono: chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa, chini ya 11.5 anahitaji matibabu.

Kwa kuwa ametimiza miezi sita, ana haki ya matone ya vitamini A, kwa hiyo safari ya kliniki unayo tayari. Nenda na dada, na mama mkwe kama miguu inamruhusu. Waombe wahudumu wawaonyeshe uzito wa uji kwa kijiko, wote watatu mkiwa mmesimama pale, kisha mkirudi nyumbani mwachie mama mkwe sufuria na kimea chake apike ule wa kwanza.